Tiketi imeandikwa WL 23, tupande au tusipande?

Siku hizi maswali ya treni yamezidi ya ndege. Nadhani tangu treni ya umeme ianze kufika hapa Dodoma Julai 2024 vijana wameona kumbe treni inanoga, sasa wanataka kupanda na za watu. Nimechagua machache, majina nimeficha kama mlivyoomba, na nimerekebisha maandishi pale tu ambapo hata mimi sikuelewa.

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni binti wa Area D, nipo Delhi na rafiki yangu, tumemaliza chuo tukasema tuzunguke India na mabegi mgongoni kabla hatujaanza kuhangaika na ajira. Tumekata tiketi onlaini ya kwenda Varanasi, hela imekatwa na meseji imekuja, ila badala ya namba ya siti imeandikwa GNWL31/WL23. Kuna kaka nje ya stesheni anasema hiyo tiketi ni halali tupande tu tutaelewana na konda ndani. Mwingine anasema ofisi ya wageni imefungwa, anataka kutupeleka ofisi ya serikali mtaa wa pili. Treni ni kesho jioni na chumba tunatoka kesho asubuhi. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, huyo wa ofisi ya mtaa wa pili achaneni naye sasa hivi, hata kama kavaa kitambulisho shingoni. Pale stesheni ya New Delhi huo mchezo ni wa miaka mingi, unaambiwa ofisi ya watalii imeungua, mara imehama, mara leo sikukuu, halafu unapelekwa kwa wakala wa uchochoroni anakwambia treni zote zimejaa wiki nzima na kukuuzia gari na dereva kwa bei ya kukuliza. Ni wale wale wapiga debe wa stendi wanaokwambia basi lako limeshaondoka wakati liko nyuma yake linanguruma. Ofisi yenyewe inaitwa International Tourist Bureau, iko ndani ya jengo la stesheni, ghorofa ya kwanza, upande wa Paharganj. Mtu akiwasimamisha kwenye ngazi anataka kuona tiketi, msimpe, piteni. Mkaguzi wa kweli hamwombi abiria amfuate nje ya stesheni.

Sasa hiyo tiketi. Sisi huku siti ikiwepo unakata, isipokuwepo unaambiwa zimeisha, unaenda kutafuta basi. Wahindi wana kitu cha katikati, treni ikijaa mfumo hausimami, unaendelea kuuza na kukupa namba kwenye foleni, kwa hesabu kwamba kuna wenye siti watakaoahirisha, na kweli wanaahirisha wengi tu. WL ni waiting list, yaani foleni ya kusubiri, kwa hiyo GNWL31/WL23 maana yake mlipokata mlikuwa wa 31 kwenye foleni, sasa mmesogea mpaka 23. Mkiendelea kusogea mnaingia RAC, hapo mna haki ya kupanda ila kitanda kimoja cha pembeni cha chini mnagawana wawili, mnakaa mmetazamana magoti kwa magoti, usiku mmoja akinyoosha miguu mwenzake inabidi akunje ya kwake. Mkifika CNF ndo mmepata, mtaona herufi ya behewa na namba ya kitanda, S ni sleeper ya kawaida bila AC, B ni AC ya vitanda vitatu kwenda juu, A ni ya viwili.

Halafu siyo kila WL ni sawa na hii watu wengi hawaambiwi. GNWL, yaani foleni ya jumla, ndiyo yenye uhai. RLWL na PQWL ni mgao wa stesheni za njiani na safari fupi fupi, zinasogea kwa kusuasua, ukiona hizo usipange maisha juu yake. Yenu ni GNWL, hiyo heri. Ila hujaniambia daraja. Kama ni sleeper, treni ndefu ina mabehewa mengi ya sleeper kwa hiyo wanaoahirisha wapo wengi na foleni ya 23 inaweza kuisha mkapata hata siku ya mwisho. Kama ni AC ya vitanda viwili mabehewa yake ni machache, mimi roho yangu nisingeiweka huko.

Mpande au msipande? Ikibaki WL msipande. Saa kadhaa kabla treni haijaondoka wanatoa orodha ya mwisho ya abiria, wao wanaiita chati. Chati ikitoka na nyie wote bado mko WL, tiketi ya onlaini inajifuta yenyewe na hela inarudi kwenye kadi ileile iliyolipia, wanakata kiasi kidogo cha huduma. Kuanzia dakika hiyo hamna tiketi, mkikutwa ndani mnahesabika kama waliodandia na faini juu. Huyo kaka anayesema mtaelewana na konda, yeye hatakuwepo mkiteremshwa saa nane usiku kwenye stesheni hata jina lake hamwezi kulitamka.

Kwa hiyo leo hii, siyo kesho, nendeni hiyo ofisi ya ghorofa ya kwanza na pasipoti zenyewe (kopi haitoshi), na keshi ya rupia mkononi. Treni nyingi zina siti chache zinazotengwa kwa watalii wa nje, wanaita Foreign Tourist Quota, na pale ndo zinapokatwa. Utapewa fomu ya karatasi, unajaza namba ya treni, tarehe, daraja, majina na umri wenu. Sasa hapo ndo watu wanapoteza foleni, wanafika dirishani wanaanza kuuliza "treni gani nzuri?" na mhudumu ana watu arobaini nyuma yenu. Andikeni kabisa namba za treni tatu mnazozitaka kwa mpangilio, ya kwanza ikikosekana mnamwonyesha ya pili. Mkipata, ile ya WL ifuteni palepale kwenye simu. Msiseme itajifuta, kwa sababu ikibahatika kuthibitishwa usiku na nyie mmeshapanda nyingine, hela hiyo imekwenda.

Mgao huo wa watalii nao ukiwa umeisha, kuna ujanja wa stesheni ya jirani. Nyie mnatafuta Varanasi Junction peke yake si ndiyo? Jaribuni na stesheni inayoitwa Banaras, ni mji huohuo. Halafu jaribuni Pandit Deen Dayal Upadhyaya, kwenye mtandao inafupishwa DDU, zamani iliitwa Mughalsarai ikabadilishwa jina 2018. Ni makutano makubwa ya reli, treni kibao za kwenda mashariki zinapita pale bila kuingia Varanasi kabisa, na kutoka DDU mpaka mjini ni mwendo wa bajaji au teksi tu, hauzidi kilomita 20. Na huku mnakotokea vilevile, Delhi ina New Delhi, ina Old Delhi, ina Hazrat Nizamuddin, ina Anand Vihar. Stesheni nne ziko mbalimbali, foleni za barabarani ni balaa, kwa hiyo mkikata tiketi mpya jambo la kwanza kusoma ni mnaondokea ipi.

Mtasikia pia habari ya Tatkal, hizo ni tiketi za dharura zinafunguliwa siku moja kabla ya safari, saa nne asubuhi za AC na saa tano zisizo za AC. Zamani wageni walikuwa wanajaribu bahati yao hapo. Tangu Julai 2025 Tatkal inadai uthibitisho wa Aadhaar, kitambulisho cha raia na wakazi wa kule, ambacho nyie hamna. Akitokea mtu wa kuwakatia kwa akaunti yake muulizeni jina la nani litatokea kwenye tiketi, maana ndani ya treni mkaguzi anataka jina lifanane na pasipoti.

Na msipande jenero na hayo mabegi usiku kucha. Behewa la jenero halina siti ya mtu, anayewahi ndo anakaa. Delhi mpaka Agra mchana sawa, mtasimama saa mbili tatu mtafika. Varanasi hapana. Bora mlale siku moja zaidi Delhi.

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi ni kijana wa Kondoa, nataka nipande basi mpaka Nairobi halafu SGR ya Kenya hadi Mombasa, nirudi kwa njia ya Tanga. Nimejaribu kulipia tiketi nikiwa huku na M-Pesa yangu inagoma, nimejaribu mpaka nimechoka. Tatizo ni mtandao au?

JIBU: Njema mdogo wangu. Mtandao hauna kosa. Jina M-Pesa ni moja ila nyumba ni mbili, yako ni ya Vodacom na tiketi zao zinalipiwa kwa M-Pesa ya Safaricom. Ukishavuka Namanga na pasipoti yako (Wakenya wanavuka na vitambulisho kwenda Uganda na Rwanda, sisi hatumo kwenye mpango huo), sajili laini ya Safaricom, weka hela, kata. Kama una ndugu au rafiki Kenya mpe jina lako lilivyo kwenye pasipoti na namba yake, akulipie, umrudishie. Mi napendelea hiyo ya pili, kwa sababu wikiendi na shule zikifungwa daraja la kawaida linajaa mapema, ukingoja mpaka ufike Nairobi utajikuta unalala gesti siku ambazo hukupanga. Nauli ya daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 ya Kenya kuwa 1,500, kwa hiyo ukikuta mtu mtandaoni anasema buku anakupa habari ya zamani.

Kitu kingine ambacho hujauliza ila nakijua kitakukuta. Stesheni ya Nairobi haiko mjini, iko kule Syokimau, na ya Mombasa iko Miritini. Ukisema treni ni saa mbili asubuhi we utoke River Road saa moja na nusu, umeshaachwa. Kabla ya kuingia mabegi yanapangwa chini mstari mmoja, mnaambiwa msogee pembeni, mbwa anapita ananusa, halafu kuna mashine na foleni nyingine ya kuonyesha pasipoti. Fika saa nzima kabla, zaidi ya hapo ni bora. Kuna treni ya abiria ya mjini inayotoka stesheni ya kati kwenda kuunganisha na hiyo ya Syokimau, rahisi kuliko teksi na haikai foleni ya Mombasa Road.

SWALI: Anti nisaidie nilie au nicheke. Tiketi yangu ya treni imeandikwa tarehe 14, saa 00:20. Nimefika stesheni tarehe 14 usiku saa tano na nusu, mapema kabisa, naambiwa treni yako iliondoka jana. Jana wapi na leo ndo 14? Nadai hela yangu vipi? Ni mimi wa Makole, sa hivi nimelala kwenye benchi la stesheni.

JIBU: Pole sana kaka, cheka tu, kulia hakurudishi nauli. Treni yako iliondoka dakika ishirini baada ya tarehe 14 kuingia. Kwa hesabu yetu huo ni usiku wa tarehe 13, saa sita na dakika ishirini, ulitakiwa utoke hosteli umeshakula chakula cha jioni cha tarehe 13. Wewe umefika karibu siku nzima baadaye. Hela ya tiketi hiyo isahau, abiria ambaye hakutokea kwa kawaida harudishiwi, na kosa halikuwa la reli. Nenda dirishani uliza treni inayofuata yenye nafasi, ukikosa tafuta basi la asubuhi.

Wengine mnaosoma, hili linawakamata Waswahili kuliko watu wengine kwa sababu siku yetu inaanza asubuhi, usiku wa manane ni mkia wa siku iliyopita. Kompyuta ya reli haijui hayo. Ukiona tiketi inaanza na 00, 01, 02 mpaka 04, andika kwenye kalenda ya simu "natoka hosteli usiku wa tarehe..." na uweke tarehe moja nyuma. Na uhakikishe simu yenyewe imebadili saa. India iko mbele yetu saa mbili na nusu, hiyo nusu inawachanganya wengi, saa nne asubuhi ya Delhi huku Dodoma ni saa moja na nusu. Mtu uliyemwacha Chang'ombe akusaidie kukata tiketi inabidi aamke na jogoo.

SWALI: Hujambo anti. Nina viza ya Schengen na nimejikusanya nataka kuzunguka Ulaya kwa treni mwezi mmoja. Kaka yangu anasoma Ujerumani ana pasi ya Interrail, kanitumia linki ninunue kama yake. Nikishakuwa nayo napanda treni yoyote si ndiyo?

JIBU: Sijambo. Usinunue. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, kaka yako ana kibali cha kuishi kule inamhusu. Wewe unatoka Kisasa, yako inaitwa Eurail, pasi inafanana ila mlango ni mwingine, na wakaguzi wanaomba pasipoti. Ukikutwa na ya wakazi na huna makazi, wanakuhesabu huna tiketi.

Hilo la treni yoyote ndo linalowamaliza watu. Pasi inakulipia safari, haikupi siti. Ujerumani, Austria na Uswisi treni nyingi unaingia tu na kukaa panapokosa jina la mtu. TGV za Ufaransa, Eurostar, treni za kasi za Italia na Hispania lazima ulipie siti pembeni, na nafasi za wenye pasi zimewekewa kikomo, zikiisha zimeisha hata kama unaona viti vitupu. Siku za joto Julai na Agosti zinaisha mapema. Kwa hiyo safari za Ufaransa na Hispania siti zake kata kabla hujatoka Dodoma, hizo za Ujerumani acha huru. Ukikwama Ufaransa, tafuta treni za mikoani zinaitwa TER, hazihitaji siti, unabadilisha mara mbili tatu, unafika umechoka ila unafika.

Pasi ya simu ina kihoja chake. Kabla ya kupanda lazima uiingize treni hiyo kwenye safari zako ndani ya programu yao, ikupe msimbo (QR) wa kuskani. Ukisema utafanya ndani ya treni intaneti ikakata kwenye handaki, mkaguzi ndo huyo. Na simu izimike umekwisha, pawabenki iwe begi dogo la mbele siyo lile kubwa lililobanwa juu. Ukiacha pasi nyumbani ukanunua tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa Italia, kuna vimashine ukutani karibu na njia ya kwenda kwenye treni, ingiza tiketi igonge muhuri wa tarehe na saa kwanza. Umelipa, una karatasi, na bado utapigwa faini kama haina muhuri. Mimi naona ni uonevu kwa mgeni lakini ndo sheria yao.

SWALI: Anti, mimi nafanya biashara ndogo Majengo, nikienda Guangzhou kufuata mzigo nataka safari hii nibaki wiki moja nizunguke na begi tu. Nilikata tiketi ya treni ya kasi kwa pasipoti ya zamani, sasa nimepata mpya namba imebadilika. Kuna shida?

JIBU: Kubwa sana dada. China tiketi ni pasipoti yenyewe. Hawakupi karatasi, jina na namba ya pasipoti ndo vimesajiliwa kwenye 12306, mfumo wa tiketi wa reli yao, na pale getini wanasoma pasipoti yako kuona kama una safari. Namba ya zamani kwenye pasipoti mpya haisomeki. Futa hiyo tiketi, ongeza pasipoti mpya kwenye akaunti, kata upya, na mauzo yao hufunguliwa siku 15 kabla kwa hiyo angalia kama nafasi bado ipo kwanza ndo ufute. Ukiwa umeshafika kule, nenda dirisha lenye mtu na pasipoti zote mbili, ile ya zamani usiitupe. Mageti ya mashine mengi yametengenezewa vitambulisho vya wenyeji, yakikukatalia usibishane nayo, sogea pembeni kwenye geti la mhudumu. Na getini wanafunga dakika chache kabla treni haijaondoka, hawakungoji. Guangzhou nayo ina stesheni zaidi ya moja, treni nyingi za kasi zinatokea Guangzhou Nan ambayo iko mbali na kule Xiaobei mnakolala wafanyabiashara, metro unabadilisha na mabegi yako, toka mapema.